Taa za trela zikichanganyikiwa, anza na masi

Bwana mmoja alikokota trela yake ya magunia ya makaa hadi karakana yetu ya mafunzo hapa Lubumbashi, mfukoni ana balbu nne mpya. Alishabadilisha mara mbili, akasema, lakini kila akikanyaga breki taa ndogo za nyuma zinafifia, na akiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inakonyeza. Hatukufungua balbu hata moja. Tulichukua waya mrefu, ncha moja tukaigusisha kwenye hasi ya betri ya gari, nyingine kwenye chuma cha taa ya trela. Taa zote zikatulia papo hapo.

Kilichokosekana ni masi. Umeme ukishapita kwenye balbu lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo ndiyo masi: kwenye trela nyingi ni waya mmoja uliofungwa kwa bolti kwenye chesi, yaani fremu ya chuma ya trela. Njia hiyo ikiziba, umeme hujipenyeza kupitia balbu ya jirani. Ndiyo maana taa moja huiga nyingine. Bolti ya yule bwana ilikuwa imepakwa rangi. Trela ilipendezeshwa vizuri sana, rangi ikaingia kati ya kichwa cha waya na chuma, na rangi haipitishi umeme. Tuliifungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, kisha ndipo tukapaka grisi juu. Balbu zake alirudi nazo.

Wengine hawana waya wa masi kabisa na taa zinawaka, basi wanadhani hauna kazi. Umeme wao unarudi kupitia kichwa cha kukokotea. Kichwa kile kina grisi na kinacheza: trela ikisimama taa zinawaka, ikianza kuruka mashimo zinazima. Na dereva hayuko nyuma kuziona.

Taa moja tu ikizima na nyingine ziko sawa, hapo ndipo balbu inakuwa mshukiwa wa kwanza. Tazama pia kikombe chake kama kina kutu ya kijani.

Zikizima zote, chomoa plagi upime upande wa gari kwanza, kwa taa ya kupimia. Gari likitoa umeme, ubovu uko kwenye trela. Lisipotoa, usiisumbue trela. Plagi ya matundu 7 ya mtindo wa Ulaya ina namba ndogo kando ya kila tundu: 1 ni indiketa ya kushoto, 4 ya kulia, 6 breki, 5 na 7 taa ndogo, 3 masi. Namba 2 ni ya taa ya ukungu. Rangi za nyaya usiziamini sana. Trela ikishapita mikononi mwa mafundi watatu, waya mweupe wa masi unaweza kuwa mwekundu. Trela ya Marekani ina jambo lake: mara nyingi breki na indiketa hutumia waya mmoja, na gari lenye nyaya tofauti linahitaji kifaa cha kuziunganisha. Kuzifunga pamoja kwa mkono kunaleta matatizo mapya.

Fyuzi nayo. Ikikatika kila ukichomeka trela, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma, na mahali pa kuutafuta ni karibu na springi na kwenye matundu ya chesi yasiyo na mpira. Kubandika kipande cha waya badala ya fyuzi ni kuwasha moto chini ya magunia ya makaa. Hesabu si ngumu: balbu ya breki ni wati 21, mbili za gari na mbili za trela ni wati 84, kwa volti 12 unapata ampea 7. Fyuzi ya 10 inatosha, ya 30 haitakulinda.

Vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kwenye plagi, kisha mvua za Novemba hulilowesha. Ukichomoa, geuza tundu la plagi litazame chini na ulivike mfuniko. Taa inayojaa maji, itoboe kitundu cha milimita 3 kwenye kioo chake upande wa chini kabisa. Cha juu kinaingiza maji tu.