Modifaya kwenye gemu za mdundo: zinakuza uwezo au zinakuza alama tu?

Hili swali analiuliza karibu kila mchezaji wa gemu za mdundo, zile za kubonyeza kwa kufuata wimbo, aliyegota levo moja wiki nzima haendi mbele harudi nyuma: niwashe modifaya nikue haraka, au nikomae na chati za kawaida? Akiuliza wenzake ndo anachanganyikiwa zaidi, mmoja anamwambia washa zote, mwingine anamwambia zima hizo ni mbwembwe tu. Mi naona wanabishana bure, kwa sababu kila mmoja ana modifaya yake kichwani, na hizi swichi hazifanani hata kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. Modifaya, au modi kama wengi tunavyofupisha, ni swichi unayoiwasha kabla wimbo haujaanza, inabadilisha namna chati ileile itakavyokujia. Chati ni ule mpangilio wa noti, ubonyeze wapi na saa ngapi. Sasa modi haikupi chati nyingine, inaichukua hiyohiyo inaikimbiza, au inaificha, au inaigeuza, au inaibadilishia saizi. Hapo ndo inapotofautiana na kuchagua levo ngumu, maana levo ngumu kuna mtu alikaa akaipanga upya noti kwa noti, na modi ni hesabu tu inayopita juu ya kazi ya huyo mtu.

Nachukua mfano wa osu!, gemu ya Dean Herbert ya mwaka 2007, kwa sababu namba zake ziko wazi. Maduara yanatokea kwenye skrini, kila duara lina pete kubwa inayosinyaa kulifuata, pete ikigusa duara unabonyeza, kishale chako kikiwa juu yake. Basi. Sasa washa Double Time, wimbo unaenda mara 1.5, wa mapigo 120 kwa dakika unakuwa wa 180, na kama chati inaweka noti nne kwenye kila pigo, basi kati ya noti na noti ulikuwa na milisekunde 125 na sasa umebaki na 83 hivi. Vidole vinaisikia hiyo mara moja. Ila kuna kitu watu hawakicheki: kila kinachopimwa kwa muda nacho kimebanwa humohumo. Noti iliyokuwa inakaa mbele ya macho yako milisekunde 600 kabla hujaibonyeza sasa inakaa 400, na ile nafasi ya kukosea kidogo bado ukapewa alama 300, yaani alama kamili ya noti, kama ilikuwa milisekunde 32 kila upande, imebaki 21 na kitu. Yaani swichi moja imekupa mitihani mitatu kwa mpigo, wa vidole, wa macho na wa usahihi, na ukifeli hujui umefelia upi. Ndo maana mtu anashinda na Double Time mwezi mzima na akitoka hapo hawezi kukuambia kilichoongezeka ni nini.

Kwangu dhana yote inakaa hapo. Modi inakuza kile tu inachokibebesha mzigo, na kama imebebesha vitatu, kile chako dhaifu ndo kinakuangusha kabla vingine viwili havijatoka hata jasho.

Mfano mzuri ni Hidden. Hii inaondoa zile pete kabisa, na maduara yenyewe yanafifia kabla ya muda wa kubonyeza, kwa hiyo unabonyeza kitu ambacho hukioni tena. Mi niliicheza kama miezi miwili bila kuizima, nikawa najiona fundi. Siku nimeizima, aisee, zile pete zikawa zinanivuruga, naziona kama nzi kwenye skrini, nakosa noti nyepesi kabisa. Nilichokuwa nimejifunza ni kukumbuka duara lilipokuwa na kuusikiliza wimbo badala ya kuifuata pete kwa macho, na hicho ni kitu cha maana sana, sikatai. Lakini spidi ya vidole ilikuwa palepale, noti za mfululizo nilizokuwa nakosea mwanzo niliendelea kuzikosea vilevile. Miezi miwili!

Hard Rock haigusi spidi ya wimbo. Inabana muda wa kuona, inabana usahihi, inapunguza ukubwa wa maduara (namba ya saizi ikipanda duara linasinyaa, la 4 linakuwa 5.2, upana unapungua kama asilimia 15), halafu inaipindua chati juu chini. Watu wanalalamikia udogo wa maduara, mi naona kupindua ndo kuna somo. Chati uliyoicheza mara hamsini mkono unaijua kuliko kichwa, unaenda pale kwa mazoea tu, sasa ikipinduliwa ukaanguka hapohapo kwenye wimbo unaoujua vizuri, umepata jibu kwamba ulikuwa umekariri.

Kwenye gemu za vitufe jamaa wa beatmania IIDX wamelielewa hili zamani. Pale una vitufe saba na sahani ya kuzungusha, kila kitufe na mstari wake wa noti zinazoshuka, na kuna modi inayochanganya mistari ya vitufe, mstari wa kwanza unaweza kuangukia wa tano, wa tano ukaenda wa pili, kila unapoanza upya. Mistari saba inaweza kupangwa kwa namna 5,040, kwa hiyo hata wimbo mmoja hauishi. Ugumu wenyewe unapanda na kushuka kwa bahati, mara umepata mpangilio mtamu mara umepata wa kuvunja vidole, na hilo halinisumbui, maana jicho linalazimika kusoma kila siku upya. Kama ningeambiwa nibaki na modi moja tu kwa ajili ya kujifunza, ningebaki na hii.

Sasa kuna zile zenye majina ya kudanganya. Easy kwenye osu! inagawa nusu karibu namba zote za ugumu, kwa hiyo noti inatokea mapema sana, kutoka milisekunde 600 inaenda 1,260, na mtu anasema ah, muda mwingi, raha. Hebu ifuate kwenye skrini. Wimbo una mapigo 180 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo, yaani noti kila milisekunde 167 hivi. Kawaida utaona kama tatu au nne kwa wakati mmoja. Ukiwasha Easy unaona saba au nane, maduara makubwa, yamelaliana, na wewe ndo utafute lipi linaanza. Mgeni anaiwasha akitafuta nafuu na anakimbia. Mtu mzoefu anaiwasha kwa makusudi ili ajifunze kusoma msongamano.

Kinyume chake ni spidi ya mishale kupita kwenye skrini, kwenye gemu za kukanyaga mishale kwa miguu kama Dance Dance Revolution. Mtu anaona mwenzake kaweka mara tatu, mishale inapita kama risasi, anasema huyo ni hatari. Kumbe wimbo ni uleule, kinachoongezeka ni nafasi kati ya mshale na mshale, na mishale iliyoachana inasomeka kuliko iliyobanana. Ile inaonekana ngumu na kwa wengi ndo nafuu, na ukicheza polepole kwa kudhani unajionea huruma unajitesa.

Za kupunguza spidi ya wimbo wenyewe nazikubali kwa masharti. Half Time ya osu! inapeleka wimbo kwenye robo tatu ya spidi, Beat Saber, ile gemu ya kukata vibao kwa panga za mwanga, nayo ina ya asilimia 85, na kama kuna kona ya mikono huielewi inakuwaje, ipunguze uione, hata anayejifunza kinanda anafanya hivyohivyo. Ila usiiamini ile asilimia ya usahihi unayoiona mwishoni. Ile nafasi ya kukosea nayo imetanuka, zile milisekunde 32 zimekuwa karibu 43, kwa hiyo mchelewaji bado anapewa kamili.

Na No Fail jamani, ile inayokuacha umalize wimbo hata ukikosea vipi, hii inadharauliwa bila sababu. Watu wanaona aibu kuiwasha kwa sababu inakata alama, na hapo ndo alama zinapotupotosha: kwenye toleo la zamani la osu! Double Time inazidisha alama zako kwa 1.12, No Fail kwa 0.5, Half Time kwa 0.3, basi mtu anaona namba kubwa anadhani amekua, anaona ndogo anadhani anapoteza muda. Fikiria chati ambayo kila siku inakuua dakika ya pili. Bila No Fail unacheza dakika mbili za mwanzo mara mia na sehemu inayokushinda unaionja sekunde tano. Sudden Death ndo mbaya zaidi kwa hilo, kosa moja umerudi mwanzo, inakufundisha utulivu wa moyo sawa, lakini utakuwa bingwa wa sekunde thelathini za kwanza.

Kujua kama modi imekusaidia si kazi. Zima zote, tafuta chati ambayo hujawahi kuigusa ya levo yako ya kawaida, icheze mara moja tu, andika usahihi na makosa yalikuwa wapi. Rudia baada ya wiki mbili kwa chati nyingine ngeni ya levo hiyohiyo. Ukipima kwa chati uliyoizoea unapima kumbukumbu.

Na kumbukumbu yenyewe ina modi yake, Flashlight, skrini yote giza na kamwanga kadogo kanafuata kishale chako, kombo, yaani idadi ya noti ulizopata mfululizo bila kukosa, ikipanda mwanga unazidi kubana. Hapa hakuna kusoma, unachokiona ni ulipo, unapokwenda lazima ukijue tayari. Niliwahi kumaliza chati moja nayo baada ya jioni nne za kuanza upya, nikafurahi mpaka nikapiga picha skrini. Kesho yake nikajaribu nyingine ya levo ileile, mwanga umewashwa vilevile. Sikufika sekunde ya kumi.