Liva haijafa: dhana potofu kuhusu liva za gia kwenye fremu za kale

Liva za gia zinazokaa ubavuni mwa bomba la chini (lile linaloshuka kutoka usukani hadi kwenye pedeli), kwenye baiskeli za resi za miaka ya 1970 na 1980, zina vitu vichache mno: kipande cha aluminiamu, washa (vibati vyenye tundu katikati) tatu au nne na skrubu moja. Ajabu ni kwamba watu huzizushia maradhi mengi kuliko gari la dizeli.

"Gia inaruka yenyewe, kwa hiyo liva imekwisha"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana mwisho wake mtu hutupa jozi nzima ya Campagnolo, kampuni ya Italia, na kufunga liva za plastiki zisizofika hata robo yake.

Springi ya direla ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo) huvuta waya saa zote kuelekea sproketi ndogo, yaani gurudumu dogo la meno la nyuma. Liva za msuguano kama hizi za Campagnolo hazina meno ndani. Kinachozizuia zisirudi mbele ni msuguano wa washa peke yake. Ukisimama juu ya pedeli mlimani, fremu hujipinda kidogo, waya hushtuka, na liva iliyolegea hutambaa. Mwenye baiskeli huchukua koleo, anakaza skrubu mpaka liva inataka mikono miwili, na baada ya siku mbili imelegea tena. "Si nilisema imekwisha?" Haijakwisha. Washa zimepangwa ovyo.

Tazama nundu iliyolehemiwa kwenye bomba, ile inayobeba liva. Chini ina kitako cha mraba, katikati ni duara ambalo liva huzunguka juu yake, na ncha yake ina pande mbili bapa. Umbo hilo lina kazi. Kwa mpangilio wa Campagnolo, sahani ya ndani yenye tundu la mraba hukaa kwanza kwenye kitako, kisha liva, kisha washa ya msuguano, kisha washa ya nje ambayo tundu lake nalo lina pande mbili bapa, halafu kifuniko na skrubu. Washa ya nje ikishika pande bapa za ncha, haizunguki hata kidogo, na skrubu haipati habari kwamba liva imesogea.

Ukiikosa washa hiyo, ukaweka ya duara kutoka kopo la bolti, au ukaikaza ikiwa imepanda juu ya ncha badala ya kuingia, basi kila unapovuta liva unaizungusha na skrubu. Upande wa kulia, kuvuta liva nyuma ni kuzungusha kinyume cha saa, yaani kufungua. Upande wa kushoto kuvuta ni kukaza. Ndiyo maana malalamiko karibu yote ni ya liva ya kulia, ile ya direla ya nyuma, na ya kushoto inasifiwa kuwa nzima.

Dawa yake: fungua vyote na uvipange juu ya kitambaa kwa mfuatano uleule. Safisha kwa mafuta ya taa, kisha futa nyuso za washa kwa spiriti mpaka zikauke kabisa. Grisi kidogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ipakwe kwenye duara la nundu tu. Anayejaza grisi kwenye washa za msuguano kisha akalalamika liva inateleza amejitakia. Rudisha vyote, na kabla ya skrubu kuingia jaribu kuizungusha washa ya nje kwa kidole: ikizunguka, hujamaliza. Funga waya, peleka mnyororo kwenye sproketi kubwa, ambako waya umekazika zaidi, kaza skrubu kwa kidole mpaka liva iache kurudi, halafu ongeza robo mzunguko. Koleo libaki kwenye boksi.

Na kabla ya kuishtaki liva tena, chora mstari wa penseli unaopita juu ya liva na sahani iliyo chini yake, kisha panda mlima. Gia ikiruka na mstari haujavunjika, liva haina hatia. Tafuta kwingine: kichwa cha waya hakijaingia vizuri kwenye tundu lake, bolti ya waya kwenye direla inateleza, au hukuuweka mnyororo sawasawa juu ya sproketi. Liva hizi hazikuchagulii gia; baada ya kuvuta unarekebisha kidogo kwa kidole huku ukisikiliza mnyororo.

"Klampu ni klampu, itashika tu"

Fremu isiyo na nundu hutumia klampu, mkanda wa chuma unaozunguka bomba na kubeba liva, na hapa kalipa ya kupimia kipenyo haina mbadala. Bomba la chini la fremu nyingi za chuma za Uingereza, Italia na Japani ni milimita 28.6. Fremu za Ufaransa za zamani, zikiwemo Peugeot nyingi za miaka ya 1970, ni 28.0. Klampu ya 28.6 kwenye bomba la 28.0 hufunga mpaka midomo ikutane, na bado huteleza. Kukaza zaidi ni kukata bolti au kubonyeza bomba ambalo, kwenye fremu nzuri, unene wake katikati unaweza kuwa milimita 0.6 tu. Pengo ni milimita 0.3 kila upande. Bati la kopo la soda lina kama milimita 0.1, kwa hiyo mizunguko mitatu inatosha.

Tafuta pia kikwazo kidogo kilicholehemiwa chini ya bomba. Waya huvuta klampu kuelekea kwenye pedeli, kwa hiyo klampu hukaa upande wa juu wa kikwazo, ule wa usukani, si upande wa chini. Na usilehemu nundu mpya kwenye fremu yenye rangi yake ya asili. Klampu inaondoka siku yoyote; rangi iliyoungua hairudi.

"Liva za kale haziwezi sproketi 8"

Liva ya msuguano haihesabu. Mradi inavuta waya wa kutosha kufika sproketi ya mwisho, inafanya kazi. Tofauti ni kwamba sproketi 8 za Shimano, kampuni ya Japani, zimeachana milimita 4.8 na 7 zimeachana 5.0, kwa hiyo kidole kinatakiwa kuwa na adabu zaidi. Kizuizi cha kweli ni upana wa nyuma wa fremu: milimita 120 kwa sproketi 5, 126 kwa 6 au 7, na 130 kwa 8.

"Inalia tik-tik, basi inajua gia"

Liva za rachet za SunTour, kampuni nyingine ya Japani, hulia kwa sababu ya meno madogo yanayorahisisha kuvuta. Mlio huo hauna uhusiano na sproketi. Liva za SIS za Shimano ndizo zenye vituo vya gia, na hizo nazo hazikubali kila direla: Dura-Ace 7400, seti ya resi ya Shimano iliyoleta SIS mwaka 1984, ina mvuto wake wa waya usiopatana na direla za kawaida za Shimano. Ukizichanganya, iweke liva kwenye hali ya msuguano, kama inayo.

"Waya ni waya"

Waya wa gia ni milimita 1.2, wa breki 1.5 au 1.6, na kichwa cha waya wa breki hakikai kwenye liva hizi. Koti la gia (ganda linalofunika waya) la kisasa lenye nyuzi zilizonyooka ni hatari likifungwa kwenye breki, kwa sababu hupasuka ukishika breki kwa nguvu. Kinyume chake hakina hatari: koti la breki la springi linafaa kabisa kwa kipande kifupi cha nyuma, kwenye direla, ukitumia liva ya msuguano, na ndivyo lilivyokuwa tangu zamani. Likate kwa koleo kali la kukatia waya, sawazisha mdomo kwa tupa, na ufungue tundu kwa msumari kabla ya kupitisha waya.