Shahada ya udaktari inavuka mpaka, leseni haivuki

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, familia nyingi za Moshi huanza vikao. Mtoto amesoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nafasi za udaktari katika vyuo vya KCMC na Muhimbili ni za kugombania, na wakala ameshaleta fomu ya chuo cha China, Urusi au India. Wapo wanaofikia hatua ya kuuza kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, ili ada ipatikane. Ardhi ya wazee kuondoka kwa sababu ya maneno yasiyo sahihi ni jambo linaloniuma sana, ndiyo maana naandika haya.

"Akimaliza huko, akirudi anaanza kazi Hospitali ya Mawenzi." Hili ndilo linalowaponza wengi. Shahada ya nje, hata ya chuo chenye jina, lazima kwanza itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume huangalia chuo chenyewe na pia vyeti vya mhitimu tangu sekondari. Kwa hiyo wakala anayewaambia kwamba ufaulu hafifu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia si tatizo kwa kuwa chuo cha nje kimeshampokea, anawaficha sehemu muhimu ya habari. Baada ya TCU kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mtihani wake, kisha utarajali, yaani mafunzo ya kazi chini ya usimamizi, wa miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa, ndipo usajili kamili. Hata hapo, kusajiliwa si kuajiriwa. Ajira ina foleni yake.

Wapo wanaoona huo mlolongo ni wivu kwa waliosoma nje. Mimi naamini unamlinda mgonjwa, na unamlinda daktari mwenyewe. China ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina tena malaria mwaka 2021. Kijana anaweza kuhitimu huko akiwa ameisoma malaria vitabuni bila kumwona mtoto aliyepandwa na degedege kwa sababu yake. Tena mihadhara inaweza kuwa ya Kiingereza, lakini mgonjwa wa wodini anaongea Kichina. Kama mwanafunzi hakukijua vizuri, alisimama pembeni ya kitanda bila kuuliza wala kujibiwa. Akirudi, mama kutoka Machame anamwambia ana kichomi, na tumbo linamsokota tangu juzi, na daktari anatakiwa kujua papo hapo swali linalofuata. Utarajali ndipo mahali pa kujifunza hayo, akiwa na mkubwa wake karibu. Simaanishi kwamba waliosoma nje ni dhaifu. Nawafahamu walio hodari mno. Ila uhodari wao ulipitia wodi zetu.

Kwa upande wa Arusha nasikia lingine: "Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa, kwa hiyo daktari wetu akivuka mpaka wa Namanga anatibu tu." Soko la Pamoja lilianza mwaka 2010, na mabaraza ya nchi wanachama yana utaratibu wa kutambuana shahada. Huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, anayetaka kutibu Nairobi lazima asajiliwe na baraza la Kenya na awe na leseni yake.

Kuhusu Uingereza kuna dhana mbili zinazopingana, na zote si sahihi. Ya kwanza inasema Watanzania wamepigwa marufuku. Kilichopo ni kwamba Tanzania imo katika orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, hivyo waajiri na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwavuta madaktari wetu. Daktari anayeomba kazi mwenyewe hajakatazwa. Ya pili inasema shahada ya Tanzania inatosha. Mhitimu wetu kwa kawaida hufanya mtihani wa Kiingereza na mitihani miwili ya PLAB, inayowapima madaktari waliosoma nje ya Uingereza. Wa pili ni wa vitendo na hufanyikia Manchester. Baraza la huko pia linataka miezi 12 ya utarajali kwa usajili kamili. Kijana wangu, usiondoke kabla hujamaliza utarajali hapa.

Marekani ni kugumu zaidi. Hata daktari bingwa mwenye miaka mingi kazini, katika majimbo mengi hulazimika kufanya mitihani ya leseni ya huko, USMLE, na kurudia mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka mitatu au zaidi. Anayefikiria njia hiyo akae na mwenza wake na watoto walipime hilo mapema.

Kisha kuna dhana inayotugusa sisi wenyeji moja kwa moja. Wageni wengi huja Moshi na Arusha kujitolea hospitalini, wengine wakiunganisha na kupanda Mlima Kilimanjaro, na watu huamini kwamba mzungu aliyevaa koti jeupe anaruhusiwa kutibu. Sheria haisemi hivyo. Daktari mgeni anahitaji usajili wa muda wa Baraza pamoja na vibali vya uhamiaji. Mwanafunzi wa udaktari, awe wa Ujerumani au wa KCMC, hagusi mgonjwa bila usimamizi. Ukilazwa, una haki ya kuuliza anayetaka kukushona kidonda ni daktari au mwanafunzi, na ukijibiwa kwamba ni mwanafunzi, unaweza kuomba msimamizi wake aje kwanza.