Anza na msalaba wa shaba: kuchora kidijitali kwa vitu vya makumbusho

Wanafunzi wengi ninaowafundisha kuchora hapa Lubumbashi huja na telefone tu mkononi na hamu ya kuchora mashujaa wa katuni za Kijapani. Sina ugomvi na katuni hizo. Ila anayenakili mchoro wa mtu mwingine anakuta kila kitu kimeshaamuliwa: mstari upite wapi, kivuli kiishie wapi, rangi ziwe ngapi. Kitu cha makumbusho hakina mstari hata mmoja. Kina mwanga, uzito, na alama za mikono iliyokitengeneza. Mstari utautafuta mwenyewe. Kwa hiyo mimi huanza na msalaba wa shaba.

Misalaba hii haihitaji utangulizi kwa mtu wa Katanga. Mitatu ilikaa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga na Kongo mwaka 1960 hadi 1963. Zamani za zamani ilikuwa mali: katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, ambako wanaakiolojia walianza kuchimba mwaka 1957, inaonekana kwamba kadiri karne zilivyosonga misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, jambo linalotarajiwa kwa kitu kinachogeuka kuwa fedha. Nenda ukaione kwa macho yako kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, jirani na Teatri, na uulize mlangoni kama kupiga picha kunaruhusiwa kabla ya kutoa telefone mfukoni.

Kwa nini msalaba? Kwa sababu umbo lake ni jepesi kiasi kwamba huwezi kujificha nyuma yake. Mikono minne, basi. Kwenye programu yako ya kuchora fungua tabaka moja, yaani karatasi moja ang'avu kati ya zinazopangwa juu ya nyingine, na ujaze umbo lote kwa kijivu kimoja, bila mstari wa pembeni. Kifaa cha kuchora pande mbili kwa mpigo, kile kinachorudia kushoto ulichochora kulia, kizime kabisa. Msalaba ulimiminwa kwa shaba iliyoyeyuka katika kalibu, na mkono mmoja karibu kila mara ni mnene au umepinda kuliko mwenzake. Ukiusawazisha umechora nembo ya kampuni.

Sasa funga uwazi wa tabaka hilo, yaani sehemu zisizojazwa rangi, ili brashi isivuke nje ya umbo, kisha ongeza vijivu viwili tu: kimoja cha upande unaopigwa na mwanga, kingine cha kivuli. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Angalia ukingo wa juu wa mkono mmoja: mahali fulani mwanga unakatika ghafla, kama kwenye kona ya meza, na vidole vichache pembeni yake unayeyuka polepole kwa sababu shaba pale ilipoa ikiwa mviringo. Ukingo mkali na ukingo laini kwenye kitu kilekile, sentimita chache tu kati yao. Brashi laini ya hewa ambayo kila anayeanza huipenda italainisha vyote viwili, na msalaba utageuka sabuni. Tumia brashi ngumu, na ulainishe pale tu jicho lilipokuambia.

Rangi ije mwisho. Kisia kwanza, kisha gusa picha kwa kifaa cha kuchota rangi ulinganishe. Karibu kila mtu hukisia rangi ya chungwa, kwa kuwa akili inasema shaba, mukuba, waya mpya unaong'aa. Kifaa kinaleta kahawia iliyofifia, karibu na kijivu, na kijani kidogo kwenye mashimo. Anayechota rangi kabla ya kukisia hajifunzi kitu, hata kama mchoro wake utapendeza zaidi.

Neno kuhusu mashine, maana swali hili haliishi. Krita kwa ordinatere ni programu ya bure na inatosha kwa kazi ya kitaalamu. Kwa telefone wengi wanatumia ibisPaint. Usifungue turubai kubwa kwa kujionyesha. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, na kila tabaka lililojaa linakula takriban megabaiti 35 za kumbukumbu. Tabaka ishirini, na telefone ndogo inakata roho. Zoezi la msalaba halihitaji zaidi ya pikseli 1500 kila upande. Na hifadhi kazi mara kwa mara. Umeme wetu mnaujua.

Ukishamaliza msalaba, toka nje ya mji kwa njia ya intaneti. Metropolitan Museum ya New York ilifungua picha za mamia ya maelfu ya vitu vyake mwaka 2017, na Smithsonian ikafuata mwaka 2020. Picha zenye alama CC0, yaani ambazo mwenyewe ameachilia haki zake zote, unaweza kuzichora, kuzibadilisha, hata kuuza kazi yako bila kumwomba mtu ruhusa. Alama hiyo iangalie kwa kila kitu, si kwa makumbusho nzima. Metropolitan wana kiti cha Kiluba cha yule fundi anayeitwa wa Buli, kilichobebwa na sanamu ya mwanamke mwenye uso mrefu na mashavu yaliyobonyea. Kwa somo la vivuli vya uso sijaona kizuri zaidi.

Kwa tabaka nyingi nenda kwenye lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba. Brooklyn Museum wana mmoja unaojulikana sana. Mbao tabaka la chini, michongo la pili, shanga la tatu, vivuli vidogo vya shanga la nne. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha kuume juu ya shanga akisimulia historia ya ufalme, na shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ilikuwa na habari yake. Kwa hiyo nina msimamo mkali: ukiuchora kama somo, usisogeze shanga ili upate mpangilio mzuri. Ukitaka kubuni, buni ubao wako, na usiuite lukasa.

Kwa upande wa brashi, shule tunayo hapahapa. Wachoraji wa Hangar, karakana iliyoanzishwa mjini mwaka 1946 enzi ya Élisabethville, kila mmoja alikuwa na alama yake: Pili Pili Mulongoy alijaza nyuma ya samaki na ndege kwa vidoa vidogo vilivyorudiwa, Mwenze Kibwanga alijenga miili kwa mistari myembamba iliyopangana, Bela alipaka kwa vidole. Tengeneza brashi tatu kwa mtindo huo, kisha rudia kijivu cha kivuli cha msalaba kwa mistari ya Mwenze peke yake, bila kulainisha popote. Mistari ifuate mzunguko wa mkono wa shaba. Ikipita kinyume, mkono unabapa papo hapo. Wakati wa kuhifadhi faili, weka kwenye jina lake namba ya kitu jinsi makumbusho ilivyoiandika, ili anayeuona mchoro aweze kwenda kukitazama kitu chenyewe.