Limau na baking soda having'arishi meno

Kauli iliyonichosha kuliko zote kwenye kazi hii ni moja: "Daktari, mimi situmii kemikali, natumia limau na baking soda tu." Anayeitamka huwa amekuja kwa sababu maji baridi yanamtia ganzi. Akifungua kinywa, jibu liko wazi: ncha za meno ya mbele zimekuwa nyembamba, na karibu na fizi unjano umezidi.

Wanaamini kitu cha asili hakidhuru. Limau ni tindikali. pH yake (kipimo cha tindikali: kadiri inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyokuwa kali) inakaribia 2, wakati enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Ukipaka limau kisha ukasugua kwa mswaki, umeilainisha enameli kwanza, halafu ukaikwangua ikiwa laini. Mate yanaweza kurudisha madini palipolainika, lakini kilichokwanguliwa kimekwenda, maana enameli haina chembe hai za kuiotesha upya. Chini yake kuna dentini, ambayo rangi yake ya kuzaliwa ni ya njano. Kadiri tabaka la juu linavyopungua, ndivyo unjano unavyojitokeza, na mwenye meno anaongeza limau.

"Lakini yalikuwa meupe kweli!" Nakubali, na sababu yake tunaijua, kwa kuwa nasi tunaitumia. Kabla ya kuziba jino kwa dawa ya rangi ya jino, tunapaka tindikali ya fosforasi juu ya enameli kwa sekunde 15 hadi 30, tunaosha, tunakausha. Papo hapo sehemu ile inapoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama chaki, kwa sababu imejaa vishimo vidogo mno ambavyo gundi itavishika. Sisi tunavifunika hapo hapo. Wewe unaviacha wazi na kesho unarudia.

Wengine hudai baking soda inaua makali ya limau. Ikiyaua yote, limau halina kazi tena. Isipoyaua, tindikali bado ipo. Povu lile ni kaboni dayoksaidi tu, haling'oi doa lililo ndani ya jino. Baking soda peke yake sina ugomvi nayo: hukwangua kidogo, na huondoa madoa ya juujuu ya chai na kahawa. Ishia hapo. Na ukishakula au kunywa kitu kichachu, sukutua kwa maji na usubiri angalau nusu saa kabla ya kushika mswaki. Hili nitalirudia hadi nistaafu.

Mkaa wa unga nao unasugua tu, haubadilishi rangi ya ndani.

Kinachobadilisha rangi ya ndani ni peroksaidi, kemikali inayopausha madoa, na hapa kuna dhana ya upande wa pili: kwamba kung'arisha nyumbani hakufai kamwe, lazima ulale kwenye kiti cha daktari. Si kweli. Trei, yaani kifuniko chembamba cha kuvalisha meno, iliyotengenezwa kwa vipimo vya meno yako, ikiwekwa jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 na kuvaliwa usiku kwa wiki mbili hivi, ni njia iliyochunguzwa tangu 1989, na matokeo yake hayapitwi sana na ya kliniki. Kliniki hutumia peroksaidi kali zaidi, asilimia 25 hadi 40, hivyo inawahi, na fizi hukingwa isiungue. Ile taa ya buluu inayomulikwa kwenye meno huko kliniki huongeza kidogo sana. Sehemu ya weupe wa siku ya kwanza hutokana na jino kukauka, na hupungua ndani ya siku chache.

Ganzi ya meno inayofuata kung'arisha kwa peroksaidi kwa kawaida hupita yenyewe. Ninachokipinga ni jeli ya kununua bila kuchunguzwa: jino lililotoboka likipata peroksaidi, maumivu yake si madogo. Dawa iliyozibia jino na taji (kofia ya bandia ya jino) havibadiliki rangi, kwa hiyo ng'arisha kwanza, ubadilishe hivyo baadaye. Kusafisha ukoga nako si kung'arisha. Kunarudisha rangi yako tu.

Na jino moja likiwa la kijivu peke yake, hasa lililowahi kugongwa, usilipotezee jeli. Mara nyingi neva yake imekufa. Linahitaji eksirei, pengine matibabu ya mzizi, kisha dawa ya kung'arisha huwekwa kwa ndani.