Mchungwa wa Muheza na Mlango wa Kike

Baada ya somo la jioni tunalotoa kwa umma hapa Tanga mjini, kijana mmoja anayetembeza wageni alibaki nyuma. "Shikamoo, mwalimu. Najifunza Kiitaliano. Nimeambiwa mlango ni wa kike na kitabu ni cha kiume. Sasa mlango una uke gani?"

Swali lake nimelisikia kwa watu wengi, na naona linastahili jibu refu kuliko nililompa tukiwa tumesimama mlangoni. Wengi wanaziacha lugha za kigeni hapohapo, wakidhani zina mambo yasiyo na maana, kumbe wanachokiona wanakijua tangu utotoni.

Tatizo limeanzia kwenye jina. Wanasarufi wa Kilatini waliliita jambo hili genus, yaani aina, jamii ya vitu. Sisi tukalifasiri kuwa jinsia, na akili ikakimbilia kwa wanaume na wanawake. Lakini angalia neno letu jinsi: tunaposema "jinsi gani", hatuulizi mume wala mke, tunauliza namna. Mlango wa Kiitaliano, la porta, hauna uke wowote. Upo tu katika aina moja pamoja na maneno mengine maelfu, kama vile kiti, kisu na kitabu chetu vilivyo pamoja katika KI-VI.

Ushahidi ninaoupenda unauzwa kandokando ya barabara ya Segera, pale Muheza, msimu wa machungwa. Mti ni mchungwa, tunda ni chungwa. Mzizi ni uleule. Tumebadilisha ngeli tu, na maana imehama kutoka shina hadi tunda. Ndivyo ilivyo kwa mwembe na embe, mpera na pera, mlimau na limau. Sasa msikilize Mwitaliano: mti wa chungwa ni arancio, neno la kiume, tunda ni arancia, neno la kike. Mti wa tufaha ni melo, tunda mela. Mti wa peasi ni pero, tunda pera. Mhispania naye ana naranjo na naranja. Jinsia hapo inafanya kazi ileile ya ngeli zetu: inautenga mti na zao lake. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, wao mwisho wake.

Wataalamu waliuona undugu huu mapema. Mwaka 1851, Mjerumani Wilhelm Bleek alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bonn kwa tasnifu iliyoandikwa kwa Kilatini, akizilinganisha nomino za lugha za kusini mwa Afrika na za Kisemiti. Ngeli zetu aliziita kwa neno lilelile, genera, yaani wingi wa genus. Yeye ndiye baadaye aliyezipa ngeli namba na kuliingiza jina "Bantu" katika taaluma.

Alama ya ngeli, na ya jinsi, ni upatanisho. Nomino inatoa amri, maneno mengine yanatii: machungwa haya matamu yameiva, michungwa hii mirefu imezaa. Lakini utiifu huo una vita vyake, kwa sababu umbo la neno linaweza kusema hivi na maana ikasema vingine. Pale soko la samaki la Deep Sea utajua mgeni kwa neno moja: anauliza bei ya "samaki hii". Mwenyeji anasema "samaki huyu", hata kama changu huyo ameshakatwa kichwa, maana kiumbe hupatanishwa kama mtu. Kijana ana ki- ya kitu, lakini tunasema kijana huyu. Wajerumani wana vita hivyohivyo. Msichana kwao ni das Mädchen, si wa kike wala wa kiume, kwa kuwa kiishio -chen cha udogo kinaliburuta neno hadi kundi la tatu. Hata hivyo wakiendelea kumzungumzia, mara nyingi wanamrejelea kwa kiwakilishi cha kike. Na kama bado unatafuta jinsia halisi ndani ya maneno, tazama bahari: Wajerumani wana das Meer, die See na der Ozean, maneno matatu katika makundi matatu, na maji ni yaleyale.

Zipo lugha zisizogawa nomino hivi hata kidogo. Kituruki hakina jinsi wala ngeli, na baada ya namba nomino hubaki katika umoja: iki balık, samaki wawili. Kichina nacho hakiongezi alama ya wingi kwa samaki, ila ukitaka kumhesabu lazima utaje umbo lake: yi tiao yu, ambapo tiao ni neno la vitu virefu, kama mto na barabara. Nasi tunavyo vionjo vyake tunaposema fungu la dagaa au mkungu wa ndizi, ingawa kwetu si lazima kila mara.

Lugha ikiazima neno, huliingiza katika mpango wake bila kuomba ruhusa. Watoto wa madrasa wanajua kwamba wingi wa kitab kwa Kiarabu ni kutub, na viwili ni kitabani. Sisi tuliisikia ki- tukaifanya kiambishi, tukapata vitabu. Na Tanga hii ya baiskeli, nani hajui madigadi? Neno la Kiingereza, mudguard, lilianza kwa sauti ya "ma", tukalisikia kama wingi, tukalichongea umoja wake: digadi. Hilo si kosa. Ni sarufi hai ikifanya kazi.

Kijana yule nilimwambia aandike kila neno la Kiitaliano pamoja na kineno kinacholitangulia, la kwa la kike au il kwa la kiume, kama anavyojua bila kufikiri kwamba ni chungwa hili na si chungwa hiki. Juzi amerudi na daftari, uso umemkunjamana. "Mwalimu, kanuni yako imevunjika. Limone ni mti, na limone ni tunda, yote ya kiume."

Ni kweli, na fico, mtini na tini, ni vivyo hivyo. Nikamuuliza, "Na wewe mwanangu, mti unaozaa ndizi unauitaje?"

Akafungua mdomo aseme mndizi, akanyamaza. "Mgomba," akasema.