Ile nembo ya DVD inayodunda kwenye kioo ni ya nini?

Umesimamisha filamu ukatoka kupokea simu. Ukirudi unakuta kioo cheusi na herufi DVD zinaelea mshazari. Zikifika ukingoni zinadunda, mara nyingi zinabadili rangi, kisha zinashika njia nyingine. Hicho ni kihifadhi skrini.

Wengi hudhani kimo kwenye sidii. Hakimo. Kimo ndani ya deki yenyewe, ndiyo maana hutokea hata deki ikiwa haina sidii. Nembo nayo si ya kampuni moja ya deki. DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na nembo yake ilikuja kusimamiwa na DVD Format/Logo Licensing Corporation ya Tokyo; mtengenezaji wa deki aliomba leseni ndipo aitumie.

Sababu ya kutembea ni TV za chogo. Kioo chake kimepakwa kwa ndani fosfori, unga unaong'aa ukipigwa na elektroni zinazorushwa kutoka huko nyuma kwenye chogo. Pakiwaka picha ileile kwa muda mrefu, fosfori ya hapo huchoka kabla ya nyingine, na alama hubaki. Kuna mgahawa mmoja nilikuwa nakula, TV yake ilikuwa na kivuli cha nembo ya stesheni pembeni, kinaonekana hata ikiwa imezimwa! Nembo inayotembea haikai mahali pamoja kiasi cha kuchosha fosfori.

Sasa ile kona ambayo watoto hushindana kuiotea. Tuseme kioo kina nukta (vidoti vinavyounda picha) 720 kwa 576, na nembo ina upana wa 120 na kimo cha 76. Nafasi ya kutembea inabaki 600 kwa 500. Ikianzia konani, ikasogea nukta moja pembeni na moja chini kila hatua, itaingia kona nyingine baada ya hatua 3,000, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 600 na kwa 500. Kwa hatua 25 kila sekunde, hizo ni dakika 2. Lakini ikianzia nukta 30 kutoka kushoto na 10 kutoka juu, haigusi kona kamwe, hata ukeshe. Ili iguse, tofauti ya namba hizo mbili lazima igawanyike kwa 100. Kwa hiyo anayesema "subiri, inakuja" huenda anasubiri kitu kisichokuja.

TV bapa za LCD hazina shida ya alama kubaki kwa kiwango kile cha TV za chogo. Za OLED zinayo, maana kila nukta hutoa mwanga wake na huchoka kivyake. Nyingi huikwepa kwa kusogeza picha nzima nukta chache kila baada ya muda, ila safari hii mtazamaji haoni chochote kikitembea.